Zana za ujenzi wa vifurushi vya R

Zana za ujenzi wa vifurushi vya R ni programu zinazotumika kugeuza msimbo chanzo wa kifurushi cha R, ulioandikwa kwa lugha kama C, C++, Fortran au Rust, uwe msimbo wa mashine ambao kompyuta inaweza kuutekeleza. Zana kuu kati yake ni kompaila. Pamoja nayo kuna linka, inayounganisha vipande vilivyotafsiriwa na maktaba zake. Programu ya make, inayosimamia mfuatano wa kazi. Na maktaba za nje ambazo kifurushi kinazitegemea.

R ni lugha ya programu na programu huria ya takwimu inayotumika katika vyuo vikuu, idara za takwimu, utafiti wa afya na biashara. Watumiaji wake wengi hawaandiki hata mstari mmoja wa C au Fortran. Hata hivyo wanakutana na zana hizi siku kifurushi wanachokihitaji kinapokataa kusakinishwa kwa kukosa kompaila. Kwa hiyo upatikanaji wa zana za ujenzi huamua, kwa kiasi kikubwa, nani ataweza kutumia kifurushi fulani, kwenye kompyuta ya aina gani na kwa gharama gani. Leseni huria humpa kila mtu haki ya kujenga programu kutokana na msimbo chanzo, lakini haki hiyo haitumiki mahali ambapo zana za kujengea hazipo.

## Kwa nini R inahitaji kompaila

Tofauti kati ya lugha zinazotumia kompaila na lugha kama R inafanana na tofauti kati ya mfasiri na mkalimani. Mfasiri hutafsiri kitabu chote kwanza, na msomaji hukisoma baadaye bila kumhitaji tena. Mkalimani hutafsiri papo hapo, sentensi baada ya sentensi, na lazima awepo muda wote wa mazungumzo. Kompaila ya C ni mfasiri; R hufanya kazi kama mkalimani.

Ukalimani una faida yake. Mtafiti anaandika amri moja, anaona jibu, kisha anaamua hatua inayofuata. Hasara yake ni kasi. Tangu toleo 3.4.0 la mwaka 2017, R hugeuza funksheni kuwa baitikodi yenyewe bila kuombwa, jambo linaloongeza kasi kwa kiasi, lakini baitikodi bado si msimbo wa mashine.

Upungufu huo hauonekani katika kila kazi. Amri kama `sum(x)`, inayojumlisha namba zote za orodha, ni ya haraka kwa sababu ndani yake imeandikwa kwa C. Tatizo huanza pale ambapo kila hatua inategemea jibu la hatua iliyotangulia, na hatua zenyewe ni mamilioni. Mifano ni uigaji wa kuenea kwa ugonjwa siku hadi siku, au mbinu za Bayes zinazochukua sampuli moja baada ya nyingine. Hapo mwandishi wa kifurushi huandika sehemu nzito kwa C, C++, Fortran au Rust, na kuiacha R iwe mlango wa kuingilia.

Sababu ya pili ni kutumia tena kazi iliyokwisha kufanywa. Maktaba za aljebra mstari kama BLAS na LAPACK ziliandikwa kwa Fortran, na zimepimwa na wanahesabu kwa miongo mingi. Ni busara zaidi kuziita kutoka R kuliko kuziandika upya.

## Historia

Uhusiano wa R na lugha za kompaila ni wa tangu asili. R ilitokana na lugha ya S, iliyoanzishwa mwaka 1976 katika maabara za Bell Labs, Marekani, na John Chambers pamoja na wenzake. Wakati huo wanatakwimu wa Bell Labs walikuwa na mkusanyiko mkubwa wa programu za Fortran, na S ilibuniwa ili waweze kuziita kwa amri fupi badala ya kuandika programu nzima kila mara.

Mapema katika miaka ya 1990, Ross Ihaka na Robert Gentleman wa Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, walianza kutengeneza R kwa kufuata mtindo wa S. Mwaka 1995 R ilitolewa chini ya leseni huria ya GPL. Mwaka 1997 Kurt Hornik na Friedrich Leisch walianzisha CRAN, ghala la intaneti linalosambaza R na vifurushi vyake. Toleo 1.0.0 lilitoka tarehe 29 Februari 2000. Leo CRAN ina zaidi ya vifurushi 20,000.

Kwa muda mrefu, kuunganisha R na C kulihitaji ujuzi wa kina wa jinsi R inavyopanga data katika kumbukumbu. Kifurushi cha Rcpp, kilichokuzwa hasa na Dirk Eddelbuettel na Romain François, kilirahisisha sana matumizi ya C++. Vifurushi zaidi ya 2,500 vya CRAN vinakitegemea. Urahisi huo ulizaa sharti jipya: kadiri waandishi wengi walivyotumia C++, ndivyo watumiaji wengi zaidi walivyohitaji kompaila ya C++, au mtu wa kuwajengea.

## Vifurushi ghafi na vilivyojengwa tayari

Kifurushi cha R husambazwa kwa namna mbili. Kifurushi ghafi hubeba msimbo chanzo jinsi ulivyoandikwa. Kifurushi kilichojengwa tayari hubeba msimbo wa mashine uliokwisha kutafsiriwa kwa ajili ya mfumo mmoja wa uendeshaji na aina moja ya prosesa. Ni kama mahindi na unga: aliyepewa mahindi anahitaji kinu, aliyepewa unga anahitaji sufuria tu.

Mwandishi anayewasilisha kazi yake CRAN hutuma kifurushi ghafi peke yake. Kanuni za ghala hilo haziruhusu msimbo wa mashine kuwekwa ndani ya kifurushi ghafi, kwa sababu hakuna awezaye kuusoma na kuukagua. Baada ya ukaguzi, seva za CRAN hujenga nakala za Windows na macOS. Kwa Linux CRAN hutoa vifurushi ghafi tu.

Kwa hiyo mtumiaji wa Windows au macOS anaweza kufanya kazi miaka mingi bila kompaila. Ataihitaji katika hali zifuatazo:

- Toleo jipya la kifurushi limetoka, lakini nakala iliyojengwa haijawa tayari.
- Anatumia toleo la zamani la R ambalo CRAN haiendelei tena kulijengea vifurushi.
- Kifurushi kimeondolewa kwenye orodha kuu ya CRAN na kubaki katika kumbukumbu zake, ambako huhifadhiwa kikiwa ghafi.
- Kifurushi kiko GitHub au mahali pengine nje ya CRAN.
- Kifurushi chenyewe hutengeneza msimbo mpya na kuutafsiri kila kinapotumika.

Hali ya kwanza huwasumbua sana wanaoanza. R huona kwamba toleo ghafi ni jipya kuliko lililojengwa, kisha inaweza kuuliza kama mtumiaji anataka kujenga lile ghafi. Anayejibu ndiyo bila kuwa na kompaila hupata ujumbe wa kushindwa, ilhali angejibu hapana angesakinisha toleo lililotangulia bila shida.

## Hali katika mifumo ya uendeshaji

### Linux

Linux ndio mfumo wenye zana zilizo karibu zaidi, kwa kuwa kompaila za GCC hupatikana katika ghala za kila mgawo wake. Katika Debian na Ubuntu, kifurushi kimoja cha mfumo, `r-base-dev`, huleta kompaila za C, C++ na Fortran pamoja na make. Ugumu hubaki kwenye maktaba za nje. Kifurushi cha ramani kama sf, kwa mfano, huhitaji maktaba za GDAL, GEOS na PROJ, nazo lazima ziwepo pamoja na faili zake za ujenzi.

Kwa kuwa CRAN haijengi vifurushi vya Linux, kusakinisha kifurushi chenye vitegemezi vingi kunaweza kuchukua muda mrefu, hasa kwenye kompyuta dhaifu. Huduma kama Posit Package Manager, na mradi wa r2u kwa watumiaji wa Ubuntu, hutoa vifurushi vya Linux vilivyojengwa tayari ili kupunguza kazi hiyo.

### Windows

Windows haiji na kompaila. Mradi wa R hutoa mkusanyiko unaoitwa Rtools, wenye kompaila za GCC zilizoandaliwa kwa Windows, make na maktaba nyingi za nje. Kila toleo la Rtools lina matoleo yake ya R: Rtools40 ni ya R kuanzia 4.0.0, Rtools42 ni ya R 4.2, Rtools43 ni ya R 4.3, na kadhalika. Kutumia toleo lisilolingana ni chanzo cha kawaida cha makosa.

Ulinganifu huo una sababu ya kiufundi. Msimbo uliojengwa kwa kompaila moja hauungani salama kila mara na msimbo uliojengwa kwa nyingine. Mwaka 2022, R 4.2.0 ilihamia kwenye maktaba mpya ya C ya Windows iitwayo UCRT ili iweze kutumia maandishi ya UTF-8, yaani herufi za lugha zote, bila matatizo. Mabadiliko hayo yalilazimu maktaba zote za zamani zijengwe upya.

### macOS

Apple hutoa kompaila za C na C++ bure kupitia zana za mstari wa amri za Xcode, ambazo huitwa kwa amri `xcode-select --install`. Xcode nzima haihitajiki. Fortran haimo katika zana hizo, hivyo mradi wa R husambaza gfortran peke yake kwa watumiaji wa macOS. Tena, kompaila ya Apple haiji na OpenMP, njia ya kugawa kazi kwa viini kadhaa vya prosesa. Ndiyo maana kifurushi kama data.table kinaweza kutumia kiini kimoja tu kwenye macOS, na viini vingi kwenye Linux.

## Tatizo la Fortran

Fortran ilitolewa na IBM mwaka 1957, lakini bado ni msingi wa hesabu za takwimu. Kukosekana kwa kompaila yake kumechelewesha kazi mara kadhaa.

Novemba 2020 Apple ilianza kuuza kompyuta zenye prosesa yake ya M1. Wakati huo GCC haikuwa na toleo rasmi la kujengea macOS kwenye prosesa hiyo, hivyo hapakuwa na gfortran ya kawaida. R iliendelea kutumika humo kupitia Rosetta 2, programu ya Apple inayotafsiri msimbo wa prosesa za Intel. Watengenezaji wa R walitegemea gfortran ya majaribio, na nakala rasmi ya R kwa prosesa hizo ilikuja na R 4.1.0, Mei 2021.

Hali kama hiyo ilijirudia kwa kompyuta za Windows zenye prosesa za ARM. R 4.4.0 ya mwaka 2024 ilipoanza kuzihudumia kwa majaribio, zana zake zilijengwa juu ya LLVM na kompaila yake ya Fortran, Flang, badala ya GCC.

Python nayo ilipita njia hiyo. Maktaba ya SciPy ilikuwa na msimbo mwingi wa Fortran, na kwa miaka mingi hapakuwa na kompaila huria ya Fortran iliyopatana vizuri na kompaila ya Microsoft iliyotumika kujenga Python ya Windows. Nakala rasmi za SciPy zilizojengwa tayari kwa Windows zilianza na SciPy 1.0, Oktoba 2017.

## Rust

Rust, iliyofikia toleo 1.0 tarehe 15 Mei 2015, inavutia waandishi wa vifurushi kwa sababu ina kasi kama ya C na huzuia makosa mengi ya matumizi ya kumbukumbu. Kifurushi cha gifski, kinachotengeneza picha za GIF zinazosogea, ni mfano wa kifurushi cha CRAN kinachotumia Rust.

Kikwazo chake ni zana. R yenyewe imeandikwa kwa C na Fortran, hivyo anayejenga R huwa na kompaila hizo tayari. Rust ni kompaila ya ziada. Programu ya cargo, inayosimamia ujenzi wa Rust, kwa kawaida hupakua vitegemezi kutoka intaneti wakati wa kujenga. CRAN inataka vitegemezi hivyo viwekwe ndani ya kifurushi, ili kinachojengwa leo kiweze kujengwa tena baadaye hata kama chanzo cha nje kimetoweka. Pia inataka ujenzi usitumie zaidi ya viini viwili vya prosesa, na uonyeshe toleo la kompaila lililotumika.

Kuna pia suala la umri wa kompaila. Migawo ya Linux inayopendelea uthabiti hubaki na toleo moja la Rust kwa miaka, ilhali maktaba nyingi za Rust hudai matoleo mapya. Kwenye Windows, Rust lazima ielekezwe kujenga kwa mtindo wa GNU unaopatana na Rtools, wala si kwa mtindo wa Microsoft ambao ndio wa kawaida.

## Vifurushi vinavyohitaji kompaila kila vinapotumika

Stan, programu ya takwimu za Bayes iliyopewa jina la mwanahisabati Stanislaw Ulam, ni mfano wa pekee. Mtumiaji huandika modeli yake kwa lugha ya Stan. Modeli hugeuzwa kuwa C++. C++ hutafsiriwa na kompaila kwenye kompyuta ya mtumiaji huyo huyo. Hapa kifurushi kilichojengwa tayari hakitoshi, kwa sababu modeli haikuwepo kifurushi kilipojengwa. Anayetumia rstan au brms anahitaji kompaila ya C++ hata kama haijui C++.

Kifurushi cha rstanarm kinafuata njia nyingine. Modeli zake za kawaida, kama regresheni ya mstari na ya logisti, zilitafsiriwa kifurushi kilipokuwa kikijengwa. Mtumiaji hapati uhuru wa kuandika modeli yoyote atakayo, lakini hahitaji kompaila. JAGS, programu nyingine ya Bayes, husoma modeli bila kuigeuza C++, hivyo kinachohitajika ni kusakinisha JAGS yenyewe.

## Athari

Athari ya kwanza ni gharama. Rtools ni faili ya mamia ya megabaiti, na huchukua nafasi kubwa zaidi ya diski baada ya kusakinishwa. Katika Afrika Mashariki, ambako wanafunzi wengi hulipia intaneti kwa bando za simu, upakuaji kama huo si jambo dogo. Darasa la wanafunzi 40 linaloambiwa lipakue Rtools kila mmoja kwake hutumia data nyingi kuliko somo zima linavyohitaji. Faili ikipakuliwa mara moja na kusambazwa kwa diski ya USB, gharama hiyo hupungua.

Athari ya pili ni ruhusa. Kusakinisha kompaila kwenye macOS au Linux kwa kawaida kunahitaji haki za msimamizi wa kompyuta, ambazo mwanafunzi katika maabara ya chuo au mtumishi wa ofisi mara nyingi hana.

Athari ya tatu ni uwezo wa kurudia utafiti. Kompaila nazo hubadilika. GCC 10 ya mwaka 2020 ilianza kukataa baadhi ya mitindo ya zamani ya C na Fortran iliyokuwa ikikubalika, na vifurushi kadhaa vililazimika kurekebishwa. Mtafiti anayetaka kurudia hesabu za makala ya zamani anaweza kuwa na msimbo wote na data yote, lakini akashindwa kwa sababu kompaila ya leo haiukubali msimbo wa wakati ule. Kifurushi cha renv huhifadhi orodha ya matoleo ya vifurushi, lakini hakihifadhi kompaila. Picha za Docker, kama zile za mradi wa Rocker ulioanza mwaka 2014, hubeba R, maktaba na zana pamoja.

## Kukagua na kutatua

Njia rahisi ya kujua kama zana zipo ni kusakinisha kifurushi cha pkgbuild na kutoa amri `pkgbuild::has_build_tools(debug = TRUE)`. Amri `Sys.which("make")` huonyesha mahali make ilipo. Jibu tupu maana yake haikuonekana.

Asiyetaka kujenga chochote anaweza kutumia `install.packages("jina", type = "binary")` kwenye Windows au macOS, au kuiagiza R isiulize tena kwa amri `options(install.packages.compile.from.source = "never")`. Kwa vifurushi vilivyo nje ya CRAN, huduma ya R-universe hujenga nakala za mifumo mbalimbali. Ujenzi ukishindikana, sababu halisi kwa kawaida iko kwenye mistari ya juu ya ripoti, pale neno la kosa lilipotokea mara ya kwanza. Mstari wa mwisho husema tu kwamba usakinishaji umeshindikana.

Waandishi wa vifurushi nao wana wajibu. Huorodhesha zana na maktaba za nje katika sehemu ya `SystemRequirements` ya faili ya DESCRIPTION. Pia hupima kama kasi itakayopatikana inastahili mzigo atakaoubeba mtumiaji, kwa kuwa msimbo wa R mtupu husakinishwa popote R ilipo.

## Programu nyingine za takwimu

Stata ina lugha ya ndani iitwayo Mata, iliyoletwa na Stata 9 mwaka 2005, ambayo kompaila yake imo ndani ya Stata yenyewe. Pia hukubali viongezi vya C, lakini mwandishi ndiye huvijenga kwa kila mfumo kabla ya kuvisambaza, kama inavyofanyika kwa gtools. Mtumiaji hahitaji kompaila. Ila mfumo ambao mwandishi hakuujengea hubaki nje.

Julia, iliyotangazwa mwaka 2012, huja na kompaila yake inayotegemea LLVM na hutafsiri msimbo wakati wa matumizi. Kwa sababu hiyo vifurushi vyake vingi huandikwa kwa Julia yenyewe.

## webR

webR, iliyotolewa kwa umma mwaka 2023, huendesha R ndani ya kivinjari cha intaneti kwa kutumia WebAssembly. Mtumiaji hasakinishi R wala zana zozote. Kwa upande mwingine, hawezi kujenga kifurushi chenye C au Fortran ndani ya kivinjari. Lazima kiwe kimejengwa kwa WebAssembly na mtu mwingine kwanza. Mzigo wa zana unahama kutoka kwa mtumiaji kwenda kwa anayeendesha ghala la vifurushi, na mtumiaji hupata vile tu ambavyo ghala hilo limejenga.